Nusu Mzunguko wa Skurubu

Lori lilikuwa limeshameza vitanda viwili, kabati la vyombo na cherehani zote nne wakati Bisibisi alipofika, anahema, shati limemganda mgongoni. Dereva alikuwa juu ya mzigo anakaza kamba kwa goti. Dada mtu alisimama mlangoni, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni kama siku zote, anahesabu kwa kidole kila kinachotoka.

"Umekuja kubeba au umekuja kutazama wenzako wakibeba?" alimwuliza.

"Nimekuja kuhakikisha huondoki na kitu changu."

"Kitu chako humu ndani ni kelele tu, na hizo zichukue zote."

Dereva alicheka mpaka kamba ikamponyoka. Bisibisi akashika ncha ya meza ya kukatia nguo, wakaipandisha, na hiyo ikawa ya mwisho.

Mizigo ilikuwa inatangulia kwa meli. Mwenyewe angefuata kwa ndege baada ya siku tisa. Hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anahamia kwa binti yake, mtoto wake wa pekee, muuguzi huko mbali, ambaye alikuwa amejifungua mapacha na kumwambia kwenye simu, "Mama, mimi nimeshindwa, njoo." Mjane huyu aliyevalisha mtaa mzima kwa miaka thelathini na kitu alikuwa ameshakabidhi wateja, ameshakabidhi kibanda cha kazi, hata paka amepata mwenyewe, na leo ilikuwa zamu ya nyumba. Hizo siku tisa angelala kwa mdogo wake.

Lori lilipokata kona walibaki wawili sebuleni, sauti zao zinawarudia kutoka kwenye kuta tupu. Sakafuni palibaki sanduku moja la bati.

"Hili mmelisahau," Bisibisi alisema.

"Hatukulisahau. Hilo nimekuwekea wewe." Akalisukuma kwa mguu. "Fungua."

Alilijua kabla ya kulifungua. Ndani mlikuwa na kompyuta ya nyumbani ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, kibodi na mashine kitu kimoja, weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kando yake draivu ya disketi, nzito kama tofali. Na juu, ndani ya mfuko wa nailoni, disketi saba kwenye bahasha zake za karatasi, kila moja imeandikwa kwa mwandiko wa msichana wa shule: Ukataji 1, Ukataji 2, mpaka saba.

"Si ndiyo kazi yako, kufufua hawa marehemu?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Jina la Bisibisi alibandikwa na mama yao akiwa na miaka saba, siku alipofungua kitasa cha choo huku baba yuko ndani, na halikumtoka tena. Ujana wake aliumalizia kwenye redio na televisheni za watu. Sasa alikuwa na karakana ya chumba kimoja uani kwake, na kilichomweka mjini ni kitu ambacho wengi hawajui kama kuna mtu anakitengeneza: bodi mpya za draivu za kompyuta kuukuu. Draivu hizo hufia ndani kwa ndani. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, huvuja, na maji yake hula njia za shaba kwenye bodi kama kutu inavyokula bati. Bisibisi huchukua bodi iliyooza, akafuata kila njia kwa jicho na kwa mita, akaichora upya, akaacha chipu zisizopatikana tena na kuweka zinazopatikana, kisha akazituma kwa posta kwa watu asiowajua, wenye mapenzi yasiyoelezeka na mashine za utoto wao. Mke wake, mwalimu wa hesabu, akiulizwa kazi ya mumewe hujibu, "Ni daktari wa mifupa, ila wagonjwa wake hawapigi kelele."

"Nataka kitu kimoja tu kabla sijapanda ndege," dada yake alisema. Aliinama akaokota uzi sakafuni ingawa nyumba haikuwa yake tena. "Nataka kujua kama ile programu niliiandika kweli, au niliota."

Bisibisi hakuuliza programu gani.

Wakati ule dada alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na mitatu. Kompyuta baba aliipata kwa bosi wake aliyehama. Wenzake mtaani walicheza michezo. Dada aliiandikia kazi. Mama yao alikuwa mshonaji, na dada alimwona kila siku akigeuza vipimo vya watu kuwa vipande vya karatasi, basi akajifunza mwenyewe kwa kitabu kimoja kilichochanika, mwaka mzima, mpaka akaandika programu inayofanya vile: unaiambia kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono, nayo inakuchorea kwenye televisheni jinsi ya kukata. Chuo cha ufundi kilikuwa kinafungua darasa la kompyuta, nafasi kumi na mbili tu, na kila anayetaka kuingia aje na kazi yake kwenye disketi. Alikwenda na viatu vya kuazima. Walitia disketi kwenye mashine yao, wakasubiri, wakaitoa, wakaitia tena. Mkuu wa darasa alimwambia mbele ya watu wote, "Binti, hii ni tupu. Wakati mwingine usitupotezee muda."

Alirudi nyumbani hakulia. Baba ndiye aliyesema neno. "Kama hukuiandika, ungesema hukuiandika. Uongo wa nini?" Mashine ikaingia kwenye sanduku la bati wiki ile ile. Mdogo wake alimbembeleza waijaribu hapo nyumbani, dada akamwambia akiigusa atamkata mkono. Kisha akakaa kwenye cherehani ya mama, na hakuinuka kwa miaka arobaini.

"Siku tisa zinatosha?" aliuliza sasa.

"Nikiacha kazi nyingine zote."

"Basi ziache."

*

Draivu alipoifungua alipiga mbinja. Kapasita mbili zilikuwa zimetapika mpaka tone la mwisho, na pembe nzima ya bodi imekuwa ya kijani. Injini ilikuwa hai, mkanda wa mpira umelegea lakini unabadilishwa, kichwa kinachosoma disketi kilikuwa safi kuliko alivyotegemea. Aina hii hakuwahi kuichorea bodi. Ingebidi aanze mwanzo.

Dada alivuta kigoda akakaa karibu na mlango, mahali penye mwanga, na soksi za watoto anazofuma. Siku mbili za kwanza alimtazama mdogo wake aking'oa chipu moja moja, akisugua bodi kwa msasa laini, akiipiga picha upande huu na upande ule, akiziweka picha kwenye kompyuta na kuanza kufuata njia. Kila aliyoimaliza aliipima kwa mita; mita ikilia "pii," anaipaka rangi na kwenda nyingine.

"Kumbe unatoa patani," dada alisema. "Nguo imechakaa, unaifumua, unalaza vipande, unakata mpya kwa kuvifuata."

"Hasa."

"Ungesema hivyo tangu zamani. Miaka yote nilijua unacheza."

Siku ya tatu alichapa mchoro kwenye plastiki angavu, akaulaza juu ya bodi ya shaba, akaiwashia taa, akaichovya kwenye dawa inayokula shaba isiyotakiwa. Alikuwa amelala saa chache na anajisikia shujaa. Bodi ilitoka inang'aa, njia zake nyembamba hazina hata moja iliyokatika. Aliiinua juu kama mtu anayemwonyesha mtoto mchanga kwa wageni.

Dada alitazama ile mpya, akatazama ile kuukuu mezani, akatazama tena.

"Mbona umekata kinyume?"

"Kinyume nini?"

"Huu mkono uko kushoto. Ule uko kulia. Au macho yangu?"

Bisibisi aliishusha bodi polepole. Macho ya dada yake hayakuwa na neno. Plastiki ilikuwa imelazwa uso juu badala ya uso chini, na bodi nzima imetoka kama sura kwenye kioo. Hakuna chipu hata moja ambayo miguu yake ingekaa.

"Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini naifanya hii kazi!"

"Usijali, mdogo wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto."

"Akafanyaje?"

"Akaoa hivyo hivyo. Picha zote kapigwa ubavu."

Mke wa Bisibisi, aliyekuwa anapita na beseni la nguo, alilitua chini ili acheke vizuri. "Wifi, usiondoke," alisema. "Huyu nikimcheka mimi anavimba. Wewe ukimcheka anafanya kazi."

Na kweli alifanya. Bodi ya pili ilikamilika siku ya tano mchana. Akaitoboa, akaichomelea chipu na kapasita mpya, akaibana mahali pake, akawasha umeme huku mkono mwingine uko tayari kuuzima. Taa ndogo nyekundu iliwaka. Injini ikaanza kuzunguka kwa ile sauti ya kukwaruza ambayo hawakuwa wameisikia kwa miaka arobaini, na dada akaacha kufuma.

"Bado," Bisibisi alisema. "Sijanyoosha kichwa."

Hiyo ilikuwa desturi yake na hakuwahi kuivunja: draivu haitoki mezani kwake, wala haisomi disketi ya mtu, kabla kichwa hakijanyooshwa. Alikuwa na disketi maalumu ya kipimo iliyoandikwa kiwandani, anailinda kuliko cheti cha ndoa.

"Inanyooshwaje?"

"Disketi imeandikwa duara kwa duara, kama mishono inayozunguka pindo la sketi. Kichwa lazima kipite katikati ya mshono. Kikienda pembeni kidogo, kinaona kitambaa kitupu." Alikuwa ameinama, tochi mdomoni, kwa hiyo maneno yalitoka yamepondeka. "Kuna skurubu moja inayokisogeza. Kiwandani wakishaiweka sawa wanaitilia tone la rangi nyekundu, isiguswe tena."

Kisha akatoa tochi mdomoni.

"Tazama hii! Rangi imevunjwa. Mdomo wa skurubu umetafunwa kabisa. Sijui ni mjinga gani alikuja kuchokonoa hapa na kisu cha jikoni."

"Watu hawana adabu," dada alisema, akarudi kwenye soksi zake.

Bisibisi alizungusha skurubu, jicho kwenye kioo cha kuonyesha mawimbi, mpaka mawimbi mawili yakasimama sawa kama mapacha. Akaandika kwenye daftari lake, kama anavyoandika kwa kila mgonjwa: *Kichwa kilikuwa nje sana. Nusu mzunguko kasoro kidogo.* Akafunga daftari. Akafuta mikono. Akamwita mkewe aje ashuhudie, akaunganisha kila kitu na televisheni ndogo ya karakana, akamgeukia dada yake.

"Tia mwenyewe."

Dada alichukua Ukataji 7, iliyo ya mwisho, ile aliyokwenda nayo chuoni. Vidole ambavyo havijawahi kutetemeka mbele ya hariri vilitafuta tundu la draivu mara mbili. Aliisukuma, akafunga kilango chake. Injini ikakwaruza. Kichwa kikagonga, tik, tik, tik, kikarudi mwanzo, kikagonga tena. Halafu mashine ikaandika kwa lugha yake kwamba haioni kitu.

Wakatia ya sita. Ya tano. Wakatia zote.

Dada alizipanga bahasha saba kwa mpangilio wake, moja baada ya nyingine, kingo zimelingana.

"Basi," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma Bisibisi. "Ni tupu. Moyoni nilijua. Sijui kwa nini nimekusumbua."

"Wifi, disketi za miaka arobaini..." mwalimu alianza.

"Hapana, wifi. Zilikuwa tupu tangu siku ile. Mtoto wa miaka kumi na tisa anaweza kujidanganya mpaka akaamini." Alijaribu kucheka. "Nitakwenda kulea wajukuu, mimi. Kazi isiyohitaji umeme."

Bisibisi alikuwa anatazama daftari. Lilikuwa limefungwa, lakini aliyaona maneno yaliyomo. Nusu mzunguko kasoro kidogo. Na bila kuombwa, kisu cha jikoni kikamjia mkononi: kile chenye mpini wa mbao uliopasuka, ambacho mama alikatia vitunguu. Akakumbuka uzito wake. Akakumbuka yuko peke yake sebuleni, amepiga magoti, ulimi nje, anazungusha.

*

Alitoka akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi. Alinawa muda mrefu.

Rafiki yake wa shule alikuwa amemwazima disketi ya mchezo wa kurusha vyombo vya angani, nayo haikukubali kwenye mashine yao. Mvulana anayeitwa Bisibisi angefanya nini? Alifungua, akaiona skurubu yenye tone jekundu, akaizungusha kidogo kidogo mpaka mchezo ukakubali. Alicheza siku mbili. Siku ya tatu dada alikaa kuendelea na kazi yake, na disketi zake zote zikagoma. Dada alilaumu joto, akalaumu vumbi. Hakumlaumu yeye. Alifungua daftari lake la shule alimokuwa ameandika kila kitu kwa kalamu, akazifuta disketi, akaanza kuandika upya, wiki tatu, macho mekundu. Mdogo wake alimletea chai na maji bila kuambiwa mpaka mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Alijaribu kurudisha skurubu, hakukumbuka ilikuwa wapi. Akaiacha.

Na kichwa kilichopinda kiliandika kila kitu pembeni ya mshono. Nyumbani kilisoma vizuri maandishi yake chenyewe. Chuoni, mashine yenye kichwa kilichonyooka ilipita katikati na kuona kitambaa kitupu.

Miaka ishirini alikuwa amenyoosha vichwa vya draivu za watu, anawaeleza kwa barua ndefu jinsi draivu iliyopinda inavyosoma disketi zake tu na si za wengine, na hata siku moja hakuliacha wazo hili likae kitako kichwani mwake. Lilikuwa likija mlangoni analifukuza kama kuku.

Angeweza kuingia karakanani sasa hivi akaigeuza skurubu na kusema, "Aha, kumbe waya ulilegea." Dada angeipata programu yake. Yeye angebaki fundi. Hakuna ambaye angejua.

Lakini dada angeondoka akijua tu kwamba aliiandika. Asingejua kwa nini walimwambia ni tupu.

Alirudi, akamkuta anakunja soksi. Mwalimu alikuwa ameshatoka.

"Dada. Yule mjinga wa kisu cha jikoni ni mimi."

"Nini?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, anaruka mbele na kurudi nyuma, lakini dada alikuwa ameshaelezwa habari ya mshono na pindo la sketi, na fundi nguo haambiwi jambo hilo mara mbili. Alielewa kabla hajafika nusu. Bisibisi aliona uso wake unaelewa.

"Ulikuwa unajua," dada alisema.

"Skurubu nilijua. Kwamba disketi zako ziligoma kwa sababu yangu, hilo nilijua. Ya chuoni sikuijua. Naapa."

"Niliandika upya wiki tatu. Wewe unaniletea chai."

"Ndiyo."

"Nikafikiri, mdogo wangu huyu ana huruma."

Bisibisi aliinamia daftari lake.

"Baba amekufa anajua nilimdanganya," dada alisema. Akasimama, akachukua mkoba wake, akaingia ndani ya nyumba. Disketi aliziacha mezani.

Jioni ile walikula watatu mezani, na dada alikuwa na mengi ya kusema, ila si kwa kila mtu. "Wifi, mwambie mumeo chumvi iko mbele yake." "Wifi, mumeo akimaliza nyanya aseme." Siku ya sita ikapita hivyo nzima. Bisibisi alimwangalia mkewe kwa macho ya kuomba msaada.

"Mimi nafundisha hesabu," mwalimu alimwambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Sifundishi ndugu. Usiguse disketi zake. Usiguse hiyo skurubu. Kaa utulie."

"Nikae tu?"

"Kaa tu. Najua ni adhabu kubwa kwako."

Binti alipiga simu mchana kumwuliza mama yake kama amepata kiti cha mbele kwenye ndege, akasikia sauti ya mama imebadilika. "Mama, unaumwa?" "Siumwi." "Mpe simu mjomba." "Mjomba wako yuko kazini," alisema, na Bisibisi, aliyekaa mita mbili kutoka hapo na gazeti, alijifanya yuko kazini.

*

Siku ya saba asubuhi, jua limeshaingia karakanani mpaka kwenye miguu ya meza, mlango ulifunguliwa. Dada alikuwa na vikombe viwili vya chai. Alikitua kimoja mbele ya Bisibisi kwa nguvu kidogo, kikamwagika kwenye sahani.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Sasa una mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

"Nimefikiri siku nzima na nusu nani nimkasirikie. Yule wa kumi na mitatu nikamtafuta, nikamwona na chai yake, nimeshindwa. Ni mtoto. Nikabaki na wewe wa hamsini na mitatu." Akavuta kigoda. "Wewe ungeweza kusema uongo juzi. Nisingejua lolote."

"Nilifikiria."

"Najua ulifikiria. Ulinawa mikono robo saa, maji yote ya pipa." Akanywa chai. "Sijakusamehe. Nisikudanganye. Labda nikiwa kwenye ndege, labda baadaye. Lakini kupindisha unajua. Haya, kipindishe hicho kichwa kama ulivyokipindisha."

Bisibisi alifungua draivu. Daftari lilimwambia kiasi gani, lakini bisibisi ilivyogusa ule mdomo uliotafunwa alisita. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa kunyoosha. Dada alitia Ukataji 7 mwenyewe, na safari hii vidole vilikwenda moja kwa moja.

Robo. Kichwa kiligonga, tik, tik, hakikuona kitu. Kidogo tena. Mashine ikakohoa herufi mbili zisizo na maana, ikanyamaza.

"Umeona?" Bisibisi alinong'ona.

"Endelea."

Alizungusha kwa upana wa unywele. Kugonga kukakoma. Draivu ikaanza kuguna kwa sauti nene, tulivu, ya mashine inayosoma, na kwenye televisheni yakashuka majina, moja chini ya jingine: Bega. Kifua. Kwapa. Kola. Mkono. Na chini kabisa, Ukataji, na tarehe, siku moja kabla ya siku ya chuo.

Dada aliweka kiganja chake juu ya kibodi bila kubonyeza, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala kuona kama anapumua.

"Iendeshe," Bisibisi alisema.

Vidole vya dada vilikumbuka. Kioo kilifutika, halafu programu ikauliza kwa Kiswahili cha heshima cha msichana wa miaka kumi na tisa: *Shikamoo. Tafadhali andika kipimo cha kifua.*

"Nilitia shikamoo!" dada alipaza sauti. "Mungu wangu, kompyuta inaamkia wateja!"

Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakapita yenyewe, naye akayaacha yapite. Mwalimu alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasoma kwenye kioo, akaitikia, "Marahaba."

"Simama," dada alimwambia mdogo wake, tepu imeshatoka shingoni.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine mwenye kifua hapa? Nyoosha mkono. Usivute tumbo, nimeshaliona."

Alimpima kama anavyopima wote, haraka, bila kumwangalia usoni, anataja namba na mwalimu anaziandika kwenye mashine. Bega. Kiuno. Mkono. Alipofika shingoni alipitisha tepu, akaikutanisha mbele, akaishika hapo muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Umekonda," alisema.

"Ni wiki hii tu."

"Hm." Akataja namba.

Programu ilifikiri dakika nzima. Kisha ikaanza kuchora, mstari kwa mstari, polepole: mgongo wa shati, mbele kushoto, mbele kulia, mkono. Dada aliinama mpaka pua inakaribia kioo. Alifuata kila mstari kwa kidole, kama Bisibisi anavyofuata njia za shaba.

"Hapa nimekosea," alisema ghafla.

"Wapi?"

"Kwapa. Tazama lilivyo bapa. Mtu akiinua mkono shati zima linapanda. Haka katoto hakakujua kukata kwapa!" Alikuwa anang'aa. "Ila bega! Tazama bega lilivyokaa. Mimi nimekuja kulijua bega hilo baada ya miaka kumi. Kumbe nilikuwa nalijua tayari."

"Unataka nikurekebishie kwapa? Programu inafungulika."

"Wewe usiguse kitu." Alivuta kibodi karibu. "Nirekebishe mwenyewe. Niletee daftari, na hiyo chai imepoa."

Bisibisi alikwenda kuleta chai nyingine.

*

Dada aliondoka siku ya tisa, ndege ya mchana. Bisibisi na mke wake walimsindikiza mpaka mahali ambapo wasiosafiri hawaruhusiwi kupita. Sasa anaishi na binti yake kwenye ghorofa ya tatu, magoti yanamsumbua kwa ngazi. Siku tatu kwa wiki anashona kwenye duka la kurekebisha nguo lililo karibu. Mapacha wameanza chekechea. Cherehani moja ilivunjika melini.

Ukataji 7 na nyingine tano zilinakiliwa zote siku mbili zile za mwisho. Ukataji 5 ilikuwa na ukungu na haikusomeka kamwe. Kwapa lilirekebishwa. Binti ameiweka programu kwenye simu yake lakini haitumii, hajui kushona.

Bodi ile Bisibisi aliichora tena kwa usafi na ameshaituma kwa watu sitini na wanne. Amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto na sasa anafanya kazi hadi saa nane mchana tu. Yule rafiki aliyemwazima mchezo ni fundi bomba na hakumbuki habari yoyote ya disketi.

Dada hupiga simu kila Jumapili. Habari ya kusamehe haijatajwa tena. Mwalimu alistaafu mwaka jana na anafundisha watoto wa majirani sebuleni, siku za Jumatatu na Alhamisi.